Pakiti Moja ya Nyuzi na Wanawake Kumi na Wawili

Evelina Shemweta,
Nyumba ya juu, penye mpeasi,
Mlalo, Lushoto.
12 Novemba

Mwenyekiti,
Kamati ya Zawadi ya Kipaimara cha Loveness,
Nyumba ya chini.

YAH: MALALAMIKO RASMI KUHUSU ZAWADI INAYOENEA MFUKONI

Ndugu Mwenyekiti,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwa kawaida wewe ndiye unayenipa shikamoo, kwa sababu mimi ni dada yako mkubwa na nilikubeba mgongoni kabla hujajua kujifuta pua. Lakini leo simwandikii Martin mdogo wangu, namwandikia Mwenyekiti wa Kamati, na Mwenyekiti anastahili kusalimiwa. Salamu basi. Usizizoee.

Najua nyumba yako iko hatua sitini chini ya nyumba yangu, na kwamba ningeweza kusimama uani nikakuita ukasikia. Nimechagua barua kwa sababu maneno ya uani hayaingii kwenye faili, na haya nataka yaingie kwenye faili. Kama Kamati haina faili, ikanunue.

Jumapili iliyopita baada ya ibada Kamati yako ilikaa sebuleni kwako, ikanywa chai kutoka kwenye chupa yangu (naihitaji kabla ya sherehe), ikaamua kwa kura sita dhidi ya tatu kwamba zawadi ya upande wa baba kwa mtoto wetu Loveness, siku ya kipaimara chake, iwe pakiti moja ya nyuzi za gitaa. Narudia ili mtu asije akasema sikuelewa. Pakiti moja. Nyuzi sita ndani ya karatasi. Jana nilikwenda dukani kwa Nassoro pale sokoni kuikagua, kwa nia ya kuipinga vizuri zaidi. Ina upana wa kiganja na uzito wa barua. Niliichomeka ndani ya kitabu changu cha nyimbo na kitabu kikafunga bila shida yoyote.

Mimi nilipiga kura ya hapana. Wawili walioniunga mkono walidhani tunapigia kura aina ya soda, lakini kura ni kura. Kwa niaba yetu watatu naleta malalamiko yafuatayo, nikiomba yasomwe kwa sauti mbele ya wajumbe wote, na Glory, ambaye ndiye Katibu, aache kuchezea simu wakati yanasomwa.

1. Zawadi hii haichezeki.

Huu ni mwaka wa ishirini na mbili ninaongoza msafara wa zawadi wa ukoo huu. Hakuna aliyenichagua na hakuna anayeweza kunitoa. Kazi yenyewe unaijua: MC akitutaja, muziki unapigwa, wanawake kumi na wawili wenye vitenge vya sare tunaingia tukicheza kutoka mlangoni hadi meza kuu, na zawadi iko juu. Juu, Mwenyekiti, waione hata wale waliokaa nyuma karibu na masufuria. Tumecheza na godoro la sita kwa sita. Tumecheza na kabati la milango mitatu, mlango mmoja ukafunguka njiani na hakuna aliyekosea hatua. Kwenye harusi ya Glory huyuhuyu aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono kuunga mkono nyuzi, tulicheza na tanki la maji la lita elfu moja, mimi mbele, wenzangu wameinamisha shingo chini ya tanki, na hadi leo kuna watu Lushoto mjini wanaotuita ukoo wa tanki.

Sasa niambie, wanawake kumi na wawili wanaibebaje pakiti ya upana wa kiganja? Kila mmoja ashike kwa ukucha? Vitenge vimeshashonwa, tena kwa mikono ya puto. Jirani yetu Mwanahawa, ambaye ni Mwislamu na hahusiki na kipaimara cha mtu yeyote, ameahidi kuja kwa ajili ya vigelegele tu, kwa kuwa vigelegele vya mama yule vinavuka bonde na kurudi. Avipigie nini? Tutaonekana kama watu waliodondosha sindano ukumbini na sasa wanaitafuta kwa muziki.

2. Upande wa mama wanakuja na vioo.

Nina habari za uhakika kutoka Malindi, hii yetu ya huku milimani, kwamba ukoo wa Secilia, mama yake mtoto, wanakuja na kabati la vyombo lenye vioo mbele na pembeni, pamoja na mbuzi. MC atawaita, vioo vitamulika ukumbi mzima, na mbuzi atatembea mwenyewe hadi meza kuu. Kisha atatuita sisi, na watu watageuza shingo kutazama mlangoni wakidhani tumechelewa. Secilia ni mwanamke mwenye huruma na atanisogelea kunifariji. Sijawahi kufarijiwa na mtu wa Malindi, na katika umri huu sitaki kuanza.

Na si kwamba tulikosa njia ya heshima. Mjumbe mmoja alipendekeza gitaa jipya. Mtoto akakataa kwa adabu, akasema analo la baba yake. Mjumbe mwingine akapendekeza gitaa la umeme, nawe ukauliza umeme gani, huu unaoondoka ukungu ukiingia? Hapo ulisema kweli. Lakini mimi nikapendekeza spika. Spika peke yake, lile linalofika kiunoni, lenye taa zinazowakawaka. Linabebwa na watu wanne, linaonekana hata gizani, na lingetupigia wenyewe muziki wa kuingilia. Mkanijibu kwamba gitaa la Loveness ni la mbao na halina pa kuchomeka waya. Ndugu Mwenyekiti, kwani tanki la Glory tulilicheza likiwa na maji?

3. Mtoto hana shida yoyote.

Gitaa la marehemu ndugu yetu Silvano ni zima. Lina tumbo, lina shingo, lina visikio vyote sita vya kukazia nyuzi. Pungufu ni nyuzi tu, zimebaki tatu, zile nene, na kwa hizo tatu Loveness hupiga kila jioni akishaosha vyombo, miaka yote hii, bila kumlalamikia mtu. Kigoda changu cha jikoni kina miguu mitatu, na katika mteremko huu wetu hakijawahi kuyumba hata siku moja. Viti vyako wewe vina miguu minne na vyote umevitilia vipande vya tofali. Maana yake ni kwamba tatu ni imara kuliko nne, na nne ni imara kuliko sita. Kumwongezea mtoto nyuzi ni kumyumbisha.

Sauti inayotoka ni nene tupu, kama mzee anayekohoa shambani. Zile sehemu za juu, ambazo nyuzi zake hazipo, huzijaza mwenyewe kwa mdomo, mm-mm, mm-mm, ili wimbo usibaki na mashimo. Mdomo anao na ni mzima. Nayajua haya kwa sababu dirisha lake limetazamana na jiko langu, nikitaka nisitake nasikia. Kila Jumamosi anazifuta nyuzi zake kwa kitambaa chenye mafuta ya taa zisiote kutu. Mtoto anayetunza vitu vikuukuu namna hiyo ana haja gani na vipya?

Kuhusu swali ambalo Katibu aliliuliza mbele ya mtoto, kwamba zile tatu nyembamba zilikwenda wapi wakati gitaa lilikuwa nazo zote siku marehemu aliporudi nalo kutoka Magoma, sioni kwa nini kikao kizima kilinitazama mimi. Vitu hupotea. Mwiko wangu mkubwa ulipotea kwenye msiba uleule na hakuna aliyemtazama mtu. Naomba swali hilo lifutwe kwenye muhtasari.

4. Ni zawadi inayokatika.

Nassoro mwenyewe, anayeziuza, alinikiria bila kulazimishwa kwamba kwa baridi na unyevu wa huku juu nyuzi hizi huota kutu baada ya miezi, na kwamba ukizikaza kupita kiasi hukatika na kukuchapa usoni. Nilimuuliza maswali mengi kwa faida yenu. Akaniambia kuna za chuma na za nailoni, na kwamba gitaa lililotengenezwa kwa za nailoni ukilitia za chuma shingo yake inapinda. Nikamwambia la Silvano ni la chuma. Nikamuuliza kama kweli pakiti inakuwa na zote sita, akasema zote, lakini mteja mwenye akili hufungua akahesabu. Kisha akaanza kuniletea mengine: kibano cha kubana shingo ya gitaa, kipande cha plastiki cha kukwarulia nyuzi, kitu cha kuzungushia visikio. Kadiri alivyopendekeza ndivyo vitu vilivyozidi kuwa vidogo. Niliondoka kabla hajafika kwenye vumbi.

Godoro halikatiki, Mwenyekiti. Kabati halikatiki. Tanki la Glory lina miaka minane na kasoro yake pekee ni mfuniko uliopeperushwa na upepo. Zawadi inayokatika itadai zawadi nyingine mwakani, na nyingine baada ya hapo, hadi tuwe tunaingia ukumbini tukicheza kila baada ya miezi sita. Magoti yangu hayana ratiba hiyo.

5. Mlimuuliza mtoto anataka nini.

Hili ndilo kubwa, na wajumbe wakae vizuri. Mlimwita Loveness kikaoni. Akaingia na sweta lake, akaamkia kila mtu mmoja mmoja, hadi yule mjumbe aliyekuwa amesinzia. Nawe, mbele ya watu wazima, ukamuuliza anataka zawadi gani! Akasema nyuzi, pakiti moja tu, na kama pakiti ni usumbufu basi hata zile tatu nyembamba kama zinauzwa peke yake. Katibu akauliza lile swali lake. Mtoto akatazama sakafu, akaruhusiwa kutoka.

Tangu lini mpewa anaulizwa? Mimi nilipoolewa nilipewa chupa za chai kumi na moja. Hakuna aliyeniuliza. Ningeulizwa ningesema nataka cherehani, na leo ningekuwa fundi nimekaa kibarazani pangu badala ya kuinamia viazi. Lakini sikuulizwa, nikapokea kumi na moja, nikatoa machozi ya furaha kama inavyotakiwa, na chupa hizo zimeuhudumia ukoo huu katika kila kikao, pamoja na kikao hiki kilichoniangusha. Hiyo ndiyo zawadi ninayoijua mimi: kitu usichokitaka, kikubwa, mbele ya watu.

Leo mkimpa Loveness anachokitaka, kesho na wengine watataka wanavyovitaka. Bibi arusi atasema anataka kitabu. Bwana arusi atasema anataka kulala. Mwalimu anayestaafu atasema asifanyiwe sherehe kabisa. Wauza magodoro watafunga maduka, MC atasimama na kipaza sauti hana la kutangaza, na wanawake kumi na wawili wa kila ukoo kuanzia hapa hadi Korogwe watabaki majumbani na vitenge vyao vya mikono ya puto. Watu watapendana kimya kimya, kila mmoja nyumbani kwake, bila shahidi. Hapo nani atajua nani anampenda nani? Kamati ilifikiri juu ya hilo kabla ya kunyoosha mikono? Haikufikiri. Ilikuwa inakula maandazi.

6. Mapendekezo.

Nisije nikaitwa mpinzani tu, natoa njia. Lakini kwanza niseme juu ya njia ya Glory, aliyetaka tununue lile boksi gumu la gitaa, nyuzi ziwekwe ndani, nasi tubebe boksi. Alinionyesha picha kwenye simu. Ni kubwa, nakubali. Ni jeusi, lina vifungo vya kung'aa, watu wanne wangelibeba begani na ukumbi mzima ukaliona. Nikalikataa, na mkaniuliza kwa nini nalikataa wakati ukubwa ndio niliokuwa naulilia. Najibu hapa mara moja tu. Kitu kirefu, cheusi, chenye vifungo vya kung'aa, tulishakibeba begani miaka tisa iliyopita kwenye njia hiihii, Silvano akiwa ndani, na hatukucheza. Sibebi kingine. Tuendelee.

Napendekeza pakiti iwekwe ndani ya katoni ya friji, katoni ijazwe maganda ya mahindi ili iwe na heshima, tuibebe wanane. Ikishindikana, nyuzi zitolewe kwenye karatasi zinyooshwe, kila uzi ushikwe na wanawake wawili, mmoja huku na mwingine kule. Nyuzi sita, wanawake kumi na wawili, hakuna atakayekosa kazi. Ikishindikana na hiyo, pakiti ifungwe kwenye pembe ya ng'ombe, na ng'ombe aingie ukumbini. Na kwa siku zijazo Kamati iwaombe wazee wa kanisa wapitishe kwamba zawadi yoyote iliyo ndogo kuliko beseni isivuke mlango wa ukumbi, na hapo mlangoni akae mtu mwenye beseni la kupimia. Niko tayari kuwa mtu huyo, bila posho.

7. Gitaa lenyewe.

Nimeliweka mwisho kwa sababu sikutaka kuliandika. Gitaa hili limeshachukua mtu mmoja katika nyumba yetu. Silvano alikuwa na shamba la viazi bora kuliko lako, Mwenyekiti, na usinune. Kila mwisho wa wiki alikuwa akiliacha anashuka Magoma kupiga kwenye harusi za watu wasiojua hata jina lake, wakimwita mgosi wa gitaa tu, kama bwana asiye na jina, naye akicheka kama mtoto aliyepewa pipi. Nilimwambia huko chini kuna homa. Akaniambia, dada, na huku juu kuna baridi. Mara ya mwisho alirudi na gitaa mgongoni na homa mwilini, na baada ya wiki mbili lililobaki nyumbani ni gitaa. Ninyi mlilia mkamaliza, mkarudi shambani.

Sasa mtoto wake amelikumbatia vilevile, kichwa kimelalia upande uleule wa kushoto, na anapiga wimbo uleule ambao baba yake alikuwa akifungulia harusi. Hakuna aliyemfundisha. Aliukumbuka tu, na alikuwa na miaka sita. Na ninyi mnataka kumkazia nyuzi! Akiwa na tatu anafika dirishani kwangu. Akiwa na sita atafika Magoma. Naliogopa hilo, Martin. Naliandika kwa mwandiko wa kawaida ili lisionekane sana.

Kwa sababu hizo zote naomba uamuzi wa Jumapili utenguliwe na mtoto apewe godoro. Kamati ikishikilia msimamo wake, najiuzulu uongozi wa msafara kuanzia tarehe ya barua hii, na kitenge changu cha sare nitawatandikia kuku.

Nisalimie mkeo na watoto, na yule kuku wako mweupe anayekula kwako na kulala kwangu. Msalimie Secilia, mwambie kabati walifunge kwa mablanketi, ile barabara yao ina mashimo na vioo havina mkataba na mashimo. Wasalimie wajumbe wote sita walionishinda, kila mmoja kwa jina lake, na Glory mara mbili, kwa sababu aliponyoosha mkono alinitazama machoni.

Ndimi, kwa heshima yote niliyobakiza,

Evelina Shemweta
Kiongozi wa Msafara wa Zawadi (mpaka nijibiwe)

Nakala:
Katibu wa Kamati, aisome kwenye karatasi, asiipige picha.
Mzee wa kanisa wa mtaa, kwa taarifa kuhusu beseni.

Tanbihi: Barua hii nilishaifunga kwa gundi, nimeipasua tena kwa kisu cha viazi, ndiyo maana bahasha iko hivyo.

Jioni hii Loveness alipiga ule wimbo. Ana mafua, ukungu wa wiki hii umemwingia kifuani. Alipofika ile sehemu ya juu akafungua mdomo na sauti haikutoka. Akajaribu mara ya pili, akakohoa. Kisha akaacha mahali pale wazi, akaendelea na zile nyuzi nene peke yake hadi mwisho, na wimbo ukapita hivyohivyo na shimo katikati. Nilikuwa nimesimama jikoni na mwiko. Nilisubiri arudie, hakurudia, nikasikia analiegemeza gitaa ukutani. Nimekaa kwenye kigoda changu tangu saa ile.

Siku ya tatu baada ya maziko niliingia chumbani kwa Silvano nikaanza kulivua gitaa nyuzi, ili lisimwite tena mtu yeyote. Nilianza na zile nyembamba. Nilipotoa ya tatu nikageuka, na mtoto alikuwa amesimama mlangoni na sweta la darasa la kwanza, ananitazama. Nikaliegemeza nikatoka na nyuzi tatu zimefungwa kwenye pindo la kanga. Miaka tisa sasa ananiamkia kila asubuhi na hajamwambia mtu. Jumapili Katibu alipouliza, ninyi nyote mlinitazama mimi, yeye peke yake ndiye aliyetazama sakafu. Sehemu ya juu anaiimba kwa mdomo kwa sababu nyuzi zake ninazo mimi.

Mmoja ndio unaofunga banda la kuku. Wa pili nakatia sabuni. Wa tatu uko ndani ya kitabu changu cha nyimbo, na jana dukani nilipochomeka ile pakiti ndani yake ilikaa juu ya huo. Umeota kutu, haufai tena kwa kazi yake. Kwa hiyo nunueni pakiti. Za chuma, msije mkaniletea za nailoni. Fungueni mhesabu mbele ya Nassoro, na zile tatu nyembamba mzihesabu mara mbili. Na kile kibano pia kama kipo. Katoni sitaki, ng'ombe abaki zizini. Nitaibeba mimi mwenyewe, mbele, kwa mikono miwili, juu, na wale kumi na mmoja waje nyuma yangu mikono mitupu wakipiga makofi. Asiyeiona asogee karibu. Mwanahawa nimeshamtumia ujumbe aanzie mlangoni.

Mwambie Katibu asilifute lile swali kwenye muhtasari. Aandike kwamba kikao kilinitazama kwa haki. Loveness nitakwenda kumwomba radhi mwenyewe kesho asubuhi, kabla hajavuka uani kuja kuniamkia.